Baina ya Mbuzi na Mabirika

Wanangu, mimi nimestaafu kazi, sikustaafu ulimi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikianza kuzungumza habari za watumwa walioandikwa katika karatasi za mirathi, hakosekani kijana wa kunishika mkono kwa adabu na kuniambia, "Bibi, hayo yamepita." Hayajapita. Nimeyapangusa vumbi kwa brashi, nimeyatia viraka, nimeyakausha baina ya mbao mbili, na nimeyasoma kwa sauti mbele ya watu wasiotaka kuyasikia. Jambo lililopita haliwakasirishi watu kiasi kile.

Kwa msionijua, mimi ni Zuwena, mzaliwa wa Unguja Mjini, mkaazi wa Ibra. Tulipohamia Oman nilikuwa msichana mwenye Kiarabu cha chuoni na Kiswahili cha mama yangu. Nikaajiriwa katika idara moja ya kuhifadhi karatasi kongwe za majumbani, na humo nikakaa mpaka mvi zikanijaa. Ninyi mliochukua viti vyetu mna mashine za kupigia picha na vyumba vinavyopimwa unyevu. Hongereni. Sisi tulianza na brashi, gundi ya wanga tuliyoipika wenyewe jikoni, na pua.

Naam, pua. Maalim Hamdun, mzee wa Izki aliyenifundisha kazi, alikuwa haigusi karatasi kabla ya kuinusa. Ujanani alikuwa katibu wa kadhi, macho yake yamekwisha lakini pua ilikuwa ya paka. "Hii imelala na udi," atasema, "salama, wadudu hawaipendi." Au, "Hii imelala na tende, usiikunjue kavu, itachanika." Siku moja alinusa bunda la karatasi kutoka Samad akasema, "Hii imelala na mbuzi." Nikacheka mpaka machozi. Nikalifungua lile bunda, na kinyesi cha mbuzi kikadondoka mezani, kikavu, cha zamani kama zile karatasi zenyewe. Tangu siku ile na mimi hunusa kwanza, na mnaonicheka mtakuja kunisadiki.

Safari yangu ya kwanza ya kutafuta karatasi ilikuwa mji wa Adam, na nilikosea kila kinachoweza kukosewa. Kwetu Unguja, kikombe cha kahawa ukikimaliza umekimaliza. Huku, usipokitikisa kidogo kwa mkono, mmiminaji anaendelea kumimina, maana hujasema basi. Mimi nikaona ni ukarimu, nikanywa na kunywa mpaka moyo unapiga ngoma kifuani, na Maalim Hamdun ananitazama tu, mshenzi yule, Mungu amrehemu. Halafu nikamuuliza mwenye nyumba kama anazo karatasi za wazee wake. Akaapa hana hata moja. Nikashukuru, nikatoka. Nilikuwa navaa viatu niliposikia sauti ya mwanamke kutoka ndani, Kiswahili safi cha Wete: "We dada! Umemuuliza mtu asiyejua hata kanzu zake ziliko! Karatasi zimo sandukuni, chini ya kanga zangu!"

Basi hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu. Katika majumba yetu mwanamume ana jina la nyumba, mwanamke ana ufunguo. Muulize mwenye ufunguo.

Masanduku yale yalikuwa na kila kitu. Hati za mitende, hati za zamu za maji ya falaji, ile mifereji ya mashambani, barua kutoka Pemba za watu wanaoulizia bei ya karafuu na kusahau kuulizia watoto wao. Lakini karatasi niliyoipenda na kuiogopa kuliko zote ni tirka. Tirka ni mali aliyoiacha maiti, yote imeandikwa, ili warithi wagawane bila ya kugombana. Waligombana hivyo hivyo, lakini angalau waligombana na karatasi mkononi.

Ukizisoma nyingi unazijua tabia zake. Katibu huanza na ardhi na mitende, kwa mwandiko wa kupendeza, maana kalamu bado mpya na warithi wamemkodolea macho. Kisha maji, kisha nyumba. Kisha vyenye roho. Hapo mwandiko huanza kukimbia. Punda mweupe. Juma, kijana. Mabruk, mzee, macho mabovu. Faraja na mwanawe anyonyaye. Mbuzi na vitoto vyao. Halafu vyombo: mabirika ya kahawa, sinia, kinu, kitanda cha besera, chenye paa la nguo.

Mara ya kwanza kukutana na Faraja na mwanawe nilidhani katibu amechanganya, ameandika wageni waliokuwapo nyumbani. Nikamuuliza Maalim Hamdun. Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. "Hakuchanganya, binti yangu," akasema. "Mtu huyu kaandika alichoambiwa, na wewe utanakili alichoandika. Usipunguze, usizidishe. Na ukitaka kulia, geuka pembeni, wino haupendi maji."

Sasa nawajia ninyi mnaopenda kusema kwamba utumwa wetu ulikuwa wa upole. Kijana mmoja, msomi, kilemba kimefungwa vizuri, aliniambia, "Lakini bibi, kwetu sisi walikuwa watoto wa nyumbani." Nikamjibu na leo nawajibu nyote: mimi nimesoma tirka za watu wema na za watu wabaya, na sijaona hata moja ambamo mtoto wa nyumbani kaandikwa baina ya mbuzi na mabirika. Wako waliowaacha watu huru katika wasia wao, hao nao nimewasoma, Mungu awalipe. Lakini humwachi huru mtu ila ulikuwa umemshika.

Na asitokee mtu akasema Zuwena anazungumza kwa chuki, anawasengenya Waarabu. Bibi aliyemzaa baba yangu alikuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kitandani. Mgindo. Nitazameni pua yangu. Baba alikuwa hapendi litajwe, mimi nalitaja kila siku ya Mungu, na bado nasali, niliolewa na bado naalikwa harusini. Hakuna paa lililoniangukia.

Nimefika nilipotaka kufika. Nataka kuwahadithia habari ya Bi Faida na Bwana Nasor, maana kwa ajili ya kisa hicho mwisho wa kazi yangu nilikalishwa ghalani kuhesabu maboksi matupu, na nyinyi mmesikia upande wa wakubwa tu.

Bi Faida ni mama mmoja wa mji wa Samad Ash Shan, kanizidi umri, mzaliwa wa Pemba. Kaja huku miaka ile ile tuliyokuja sisi, na marehemu mumewe. Siku moja aliingia ofisini kwangu, kajitanda vizuri, mkoba kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa.

"Mie sitaki mali, Zuwena," akasema. "Nataka jina."

Jina lenyewe lilikuwa la mama wa bibi yake. Bi Faida alilelewa na bibi yake, Zaitun, mzalia, yaani aliyezaliwa mikononi mwa bwana. Zaitun aliwahi kumhadithia kwamba alikuwa mtoto mdogo bwana wao alipokufa, mama yake akabaki huru, na yeye akachukuliwa kupelekwa nyumba nyingine, Chake, kwa dada wa yule marehemu. Hawakuonana tena. Kila Bi Faida alipomuuliza mama huyo aliitwa nani, bibi alisema "mama" tu, akainuka kwenda kutazama chungu jikoni hata kama hapana chungu.

"Kila mwaka namfanyia bibi khitma, asomewe Kurani," akasema Bi Faida. "Na kila mwaka msomaji ananiuliza, Zaitun binti nani? Nami nasema binti Abdalla. Abdalla yupi? Abdalla ni mja wa Mungu tu, na waja wa Mungu sote. N'mechoka kumdanganyia Mungu, Naye anajua."

Nikamweleza sheria ya kazi yetu. Karatasi ya watu ni amana. Nikiikuta habari yako katika sanduku la mtu mwingine siwezi kukunong'oneza, mpaka mwenyewe aruhusu au isomwe hadharani.

"Basi umenikalisha hapa kwa nini?" akauliza. Akaondoka kanuna. Nilimwelewa.

Miaka ikapita. Kisha akaja Bwana Nasor. Huyu ni tajiri wa Ibra, mtu mpole, mkono wazi, msikiti wa mtaani kwao kaurekebisha kwa fedha yake. Alikuwa amelitengeneza upya jumba la wazee wake, la udongo na milango ya nakshi, ili wageni waje kulitazama. Akaleta bunda la karatasi. Ilikuwa tirka ya babu wa baba yake, aliyekuwa na mitende Ibra na mashamba Pemba. Alitaka tuitengeneze, tuinakili kwa hati nzuri, tuipige muhuri wa nakala kamili, aitundike ukumbini katika fremu.

Bunda lilikuwa limegandamana kwa asali ya tende. Hapo sikilizeni, maana siku moja mtayahitaji haya. Karatasi zilizogandishwa na tende hazibanduliwi kwa kisu, wala hazitiwi maji. Unazipa mvuke kidogo kwa mbali, unangoja, unapitisha uchane mwembamba wa jani la mtende, unangoja tena. Kazi yote ni kungoja. Vijana wengi wameharibu karatasi nzuri kwa sababu simu ilikuwa inaita.

Zilipoachana, nikazisoma. Karatasi ya tatu ilikuwa ya vyenye roho. Na hapo, chini ya punda, nikakuta maneno haya, nawapa kwa Kiswahili: "Hidaya, Mnyasa, mama wa Salum, amehesabiwa katika fungu la Salum. Zaitun, binti wa Hidaya, mzalia, mtoto, katika fungu la dada wa marehemu."

Nitawafafanulia, msije mkapotea. Hidaya alikuwa suria wa yule bwana, kamzalia mtoto wa kiume, Salum. Kabla ya hapo alikuwa na binti, Zaitun, kwa mtumwa mwenziwe. Bwana alipokufa, Salum alikuwa mrithi kama warithi wengine. Kwa fiqhi waliyoifuata wale waandishi, mama huwekwa katika fungu la mwanawe, na kwa kuwa mtu hawezi kummiliki mama yake, pale pale anakuwa huru. Na ndugu ni vivyo hivyo. Wangemwandika Zaitun katika fungu la kaka yake Salum, naye angekuwa huru kabla wino haujakauka. Katibu aliijua sheria hiyo. Warithi waliijua. Wakampeleka kwa shangazi yake Salum.

Nilikasirika, wanangu. Sijui neno jingine. Niliinuka nikaenda kufungua dirisha, na Maalim Hamdun alikuwa keshakufa, hapana wa kumwambia.

Na Salum ndiye babu yake Bwana Nasor.

Kwa hivyo Bwana Nasor na Bi Faida, tajiri wa Ibra na mkaazi wa Samad, wote wawili ni vitukuu vya mwanamke mmoja. Hii haikuwa siri kubwa. Wazee wa Ibra walikuwa wakijua kwamba Salum alizaliwa na suria, walikuwa wakilisema kwa nyusi. Lakini nyusi si wino.

Bwana Nasor akaja kutazama kazi. Akavaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza kwa fahari, ya pili kwa fahari, na ya tatu akaisoma mara mbili. Akaiweka chini polepole.

"Bi Zuwena, hii ya tatu iacheni."

"Nikiiacha, nakala si kamili. Nitaandika chini: karatasi moja imezuiwa kwa matakwa ya mwenyewe. Sina neno."

"La, la. Kamili nataka iandikwe. Ila hii isiwemo."

"Hilo, Bwana Nasor, ni uwongo wenye muhuri."

Akavuta kiti, akakaa karibu. "Tumsitiri marehemu, dada yangu. Kusitiri ni dini. Wallahi mimi sina kiburi. Nina binti anachumbiwa Nizwa, na wewe unawajua watu, mpaka leo wanauliza asili kabla hawajauliza tabia. Watasema nini?"

Nilimwonea huruma, sitaki kuwaficha. Alikuwa baba anayemwogopea mwanawe. Lakini nikamwambia, "Nguo gani hii ya sitara, inayomfunika bwana ikamwacha mjakazi nje? Huyu Hidaya ni bibi yako. Unamsitiri kwa kumfuta?"

Akaenda juu kwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu, ambaye simtaji, alikuwa mtu wa kupenda raha. Hukumu yake ikawa hivi: karatasi zote nne zinakiliwe kwa ajili ya ghala ya idara, lakini siku ya mukabala, ile ya tatu niiruke kimya kimya, kisha ukumbini zitundikwe tatu.

Mukabala mnaujua, au mlipaswa kuujua. Nakala haipigwi muhuri mpaka ilinganishwe kwa sauti. Msomaji anasoma karatasi ya asili, neno kwa neno, na wasikilizaji wawili wanafuata kidole kwenye nakala. Msikilizaji mmoja anachaguliwa na mwenye karatasi, wa pili na msomaji. Wakikubaliana, wanatia saini. Kazi hii ni ya wazee wetu wa zamani, na ni ya watu wasioaminiana, ndiyo maana ni nzuri.

"Umenifahamu, Zuwena?" mkubwa akauliza. "Unairuka."

"Inshallah," nikasema. Na ninyi mnazijua inshallah zetu.

Jioni ile nikampigia simu Bi Faida. Sikumwambia jina, wala nyumba ya nani sikuitaja. Amana ni amana. Nilimwambia tu, "Dada, nina mukabala Ibra na nahitaji msikilizaji. Herufi unazijua?"

"Nasoma Kurani tangu sijaota meno ya ukubwani," akasema. "Kahawa ipo?"

Bwana Nasor alitaka mukabala ufanyike katika lile jumba alilolitengeneza upya, mbele ya wageni. Ukumbi ulijaa. Wanaume wamekaa kwenye mazulia, halua katikati, mmiminaji wa kahawa anazunguka. Msikilizaji wa Bwana Nasor alikuwa mwanawe wa kiume, kijana mtulivu, mhandisi. Wa kwangu, Bi Faida, miwani puani, kidole kimesimama juu ya nakala. Bwana Nasor alimwamkia vizuri, akamuuliza hali. Hakumjua ni nani.

Nikasoma bismillahi. Nikasoma mitende, watu wakatikisa vichwa kwa furaha, wengine wakayatambua mashamba kwa majina. Nikasoma maji, nyumba, milango. Karatasi ya pili ikaisha. Nikaishika ya tatu. Bwana Nasor akakohoa. Mkubwa wangu, aliyekaa karibu na halua, akanitazama kwa macho yaliyojaa amri.

Nikasoma. Punda mweupe. Juma, mpanda minazi. Kisha nikasema, "Hidaya, Mnyasa, mama wa Salum, amehesabiwa katika fungu la Salum. Zaitun, binti wa Hidaya, mzalia, mtoto, katika fungu la dada wa marehemu."

Kidole cha Bi Faida kikasimama. Mmiminaji wa kahawa naye akasimama, birika hewani.

"Rudia," akasema Bi Faida.

Nikarudia.

"Rudia tena, Zuwena. Kwa sauti. Wale waliokaa kule mwisho hawakusikia."

Nikarudia tena kwa sauti yote niliyojaaliwa, na Mungu hakuninyima sauti. Ukumbini hapana aliyetafuna kitu. Bi Faida alikuwa analia bila ya kuinua kidole kutoka kwenye karatasi, machozi yanashuka kidevuni, naye kashika mstari kama mtu anayeogopa utakimbia.

Bwana Nasor akainuka. "Khalas! Yatosha! Funga hizo karatasi!"

"Mukabala haukatwi, Bwana Nasor," nikamwambia. "Ndiyo desturi. Ukikatwa, huanzwa upya tangu bismillahi."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri. Kuanza upya ni kuusikia mstari ule mara ya nne. Akakaa.

Nikaendelea na mbuzi, nikaendelea na mabirika, nikamaliza karatasi ya nne mpaka majina ya mashahidi. Bi Faida akatia saini yake. Kalamu ikaenda kwa mtoto wa Bwana Nasor. Kijana yule hakumtazama baba yake. Alisoma tena ule mstari kwa macho, akasema, "Iko sawasawa," akatia saini. Kwa hivyo nakala ile ni kamili, ina muhuri, ipo ghalani mpaka leo, na hapana mtu anayeweza kuitoa karatasi ya tatu bila ya kuharibu hesabu ya mafungu yote.

Nje, penye viatu, Bwana Nasor alinisimamisha. "Umeniaibisha nyumbani kwangu," akasema kwa sauti ndogo. Nikamjibu kwamba sikusoma neno lisiloandikwa na wazee wake. Akarudi ndani. Siku ya pili malalamiko yakafika kwa mkubwa wangu, na mkubwa wangu akataka niandike barua ya kuomba radhi. Nikamuuliza niombe radhi kwa neno lipi, anionyeshe mstari. Akanihamishia kwenye maboksi. Nilikaa na maboksi mpaka siku ya kustaafu, nikayapanga vizuri, na kila aliyepita na kuniuliza kama najuta alipata jibu lile lile mnalolipata ninyi. Sijuti. Ningeulizwa leo, ningesoma tena, na safari hii ningetaka kipaza sauti.

Ukuta wa jumba la Bwana Nasor umebaki mtupu pale palipokuwa patundikwe fremu. Binti yake kaolewa Nizwa, kwa watu wale wale. Waliuliza asili, wakajibiwa, wakala biriani. Mnaona?

Mwaka ule, ulipofika wakati wa khitma ya Zaitun, Bi Faida alinialika Samad. Tuliingia chumba cha wanawake, mlango wazi kuelekea kwa wanaume, juzuu zimeshagawiwa. Kabla ya kuanza likasimama gari nje, dereva akashusha magunia ya mchele na ndoo ya samli. Salamu kutoka kwa Bwana Nasor wa Ibra, sadaka kwa ajili ya khitma.

Bi Faida akatoka mpaka kizingitini. "Yarudishe garini, mwanangu," akamwambia dereva. "Na umwambie aliyekutuma: mchele huletwa na jirani. Kwenye khitma ya bibi yake mtu huja mwenyewe."

Kina mama wakanong'ona kwamba kazidi, tajiri kama yule hakatazwi kutoa. Mimi nikafurahi. Wasomaji wakaanza. Tulikuwa tumekaribia mwisho niliposikia gari tena, kisha sauti ya viatu vinavuliwa. Bwana Nasor akaingia upande wa wanaume, akasalimu, akakaa karibu na mlango. Waliokuwa mbele wakataka kumpisha, akawazuia kwa mkono.

Kisomo kikaisha. Msomaji mkuu akauliza majina ya marehemu, ili aombe dua. Na kwa mazoea tu, mazoea yetu yale, akamgeukia Bwana Nasor, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote chumbani, amtajie.

"Usimtazame yeye, maalim," ikatoka sauti ya Bi Faida mlangoni. "Mwenye khitma ni mimi."

Msomaji akageuka. "Haya, Bi Faida. Zaitun binti nani?"

"Zaitun binti Hidaya."

Akasita. Watu huombewa kwa majina ya baba zao. "Na Hidaya binti nani?"

"Hakuandikwa binti ya mtu," akasema Bi Faida. "Mtaje hivyo hivyo. Hidaya, mama wa Zaitun, mama wa Salum. Mungu atamjua."

Msomaji akavuta pumzi ili aanze dua. Nikachungulia upande wa wanaume. Bwana Nasor alikuwa keshainua mikono.